Usipa wa Nyasa, magege wa Rukwa au perege wa Mtera: mchuuzi wa Mbeya na Iringa achukue mzigo wapi?

Anayetaka kuanza kuuza samaki Mbeya, Makambako, Njombe au Iringa yuko mbali na bahari, lakini amezungukwa na maji matatu yenye samaki: Ziwa Nyasa upande wa Kyela, Ziwa Rukwa kule bondeni nyuma ya Mbalizi na Chunya, na bwawa la Mtera mpakani mwa Iringa na Dodoma. Ukiuliza sokoni uelekee wapi, kila mtu anavutia kwao. Mwenyeji wa Kyela atakwambia hakuna samaki kama wa ziwani kwao. Aliyezoea Rukwa atakucheka kwa kupoteza muda na vidagaa. Wa Iringa atakuuliza kwa nini uhangaike na milima wakati Mtera ipo kando ya lami.

Wote wana hoja. Tofauti inaanzia kwenye maji yenyewe kabla hata hatujafika kwenye ladha. Nyasa ni shimo, Rukwa ni sinia, na Mtera ni sinia ambalo mtu amelishika mkononi, akiliinamisha maji yanahama. Samaki wa kwenye shimo hutembea kwa makundi mbali na ufukwe. Wa kwenye sinia hushinda pembeni, kwenye nyasi na matope, na hufuata maji yanakoenda. Jambo hilo ndilo linaloamua lini utapata mzigo, utaubeba vipi na utamuuzia nani.

Dagaa wa Mwanza, dagaa wa Kigoma na sangara nimewaacha nje makusudi. Hao huja na magari makubwa ya watu wenye mitaji mikubwa, na mchuuzi mdogo huwanunua hapahapa mjini. Samaki wa kufuga nao nimewaacha, isipokuwa neno moja nitakalolisema mwishoni kwa watu wa nyanda za baridi.

Vigezo nilivyotumia

Kila maji nimeyapima kwa mambo manne: samaki anavyoishi na anavyovuliwa, maana hapo ndipo penye siri ya mengine yote, upatikanaji wake kwa mwaka, njia ya kumleta na namna ya kumtunza asiharibike, na mteja anayemtaka. Bei sikuziandika. Za leo asubuhi si za kesho jioni, na ukipanga mtaji kwa bei uliyoisoma mahali utaumia.

Ziwa Nyasa: usipa

*Anavyoishi na anavyovuliwa*

Nyasa lina kina kinachopita mita 700, lakini usidhani samaki wamejaa hadi chini. Ukishuka zaidi ya mita 200 na ushee, maji hayana oksijeni, na hakuna samaki anayeweza kuishi humo. Uhai wote uko kwenye tabaka la juu. Usipa huishi katikati ya tabaka hilo, mbali na nchi kavu. Ni samaki mwembamba wa rangi ya fedha, mara chache hupita sentimita 13, na hula vijidudu vidogo vinavyoelea majini. Kwa kuwa chakula chake kinahamahama, naye huhama, tena kwa makundi makubwa.

Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo idadi yake hupanda na kushuka sana. Mwaka mmoja mchanga wa ufukweni unang'aa kwa usipa walioanikwa, mwaka unaofuata watu wanagombania ndoo. Huo si mwisho wa dunia na wala si uchawi, ndivyo alivyo samaki asiyeishi muda mrefu: uzao ukikosa bahati msimu mmoja, pengo lake linaonekana mara moja.

Mvuvi wa usipa anatafuta kundi. Hutoka usiku na taa, akaitega juu ya maji na kusubiri. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za betri na sola. Vijidudu huja kwenye mwanga, usipa huvifuata, na wakishasongamana chini ya taa wavu unawazunguka na kuwainua. Usiku mmoja unaweza kujaza mtumbwi. Unaofuata, kwa taa ileile na watu walewale, mtumbwi unarudi mweupe.

*Upatikanaji*

Kalenda ya usipa ni mwezi wa angani. Wavuvi husema giza na mbalamwezi. Wakati wa giza taa inafanya kazi, mzigo unatoka na bei inalegea. Mbalamwezi ikishika, mwanga umetapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena cha kuvutia, na wengi hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Mchuuzi anayepanda gari kwenda Kyela siku za mwezi mpevu atakutana na mabaki ya siku zilizopita kwa bei ya samaki wa leo.

La pili ni upepo. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini, ambao watu wa ziwani huuita mwera, huvuma kwa nguvu kwenye urefu wote wa ziwa, na mawimbi yanayofika upande wetu wa kaskazini si ya mchezo. Kuna siku mitumbwi haitoki kabisa. Upepo huohuo hukoroga maji na kuinua rutuba kutoka chini, kwa hiyo hata mvuvi anayeulaani anaula.

*Njia na utunzaji*

Hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza fedha. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua kali huangukia masika. Usipa anahitaji jua. Akivuliwa usiku anatakiwa awe amekauka vizuri ndani ya siku moja au mbili. Jua likikosekana siku tatu mfululizo analainika, anageuka rangi, anaanza kunuka, na muuzaji mjanja atakuchanganyia na waliokauka.

Kilo tatu hadi nne za usipa mbichi hutoa kilo moja ya waliokauka sawasawa. Ukiuziwa mzigo mzito kuliko unavyoonekana, umenunua maji. Chukua wachache mkononi uwabane kisha ufungue vidole: waliokauka huachana kila mmoja kivyake, wenye unyevu hubaki bonge. Mpinde mmoja, anatakiwa avunjike kwa sauti, asijikunje. Kisha tia konzi moja kwenye bakuli la maji, koroga, acha yatulie. Mchanga utakaouona chini ndio utakaomfanya mteja wako asirudi. Walioanikwa juu ya vichanja hugharimu zaidi kuliko walioanikwa mchangani, na kwa maoni yangu nyongeza hiyo inastahili kulipwa kila mara.

Barabara ya Kyela kupitia Tukuyu hadi Uyole ni lami, ila inakupandisha kutoka mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000 kabla hujateremkia Mbeya. Baridi ya huko juu inamfaa samaki mbichi anayesafiri usiku. Kwa usipa wakavu ni hatari, kwa sababu ukungu wa Isongole huingia kwenye kiroba kilicho wazi, na mzigo uliotoka Kyela ukilia kama majani makavu unafika Mwanjelwa umenywea. Funga viroba kwa nailoni ndani, na ukifika anika tena hata kwa saa mbili.

*Anayemnunua*

Usipa ana mteja kila mtaa kwa sababu anagawanyika. Unanunua kwa debe, unauza kwa sado, kwa kopo, au kwa fungu mezani, na mwenye fedha kidogo bado anaondoka na mboga. Mama lishe anampenda kwa kuwa hana cha kutupa: hana minofu ya kutenganisha, anakwenda mzima sufuriani na kitunguu, nyanya na karanga za kusaga. Kuliwa mzima kuna faida nyingine, maana mifupa ndiyo yenye kalsiamu. Katika mikoa hii inayolisha nchi mahindi na viazi, udumavu wa watoto umekuwa mkubwa kuliko mahali pengi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliiweka Iringa juu kabisa, zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Mama akikuuliza usipa wa kusaga kwa uji wa mtoto, usimpe wa mchangani.

Mtu akitaja samaki wa Kyela huenda ana maana ya mbasa. Ni mtamu kwelikweli, na wali wa Kyela kwa mbasa ni chakula cha kumpokelea mkwe. Usijenge biashara juu yake. Hupanda mito kutaga mayai, ananaswa kirahisi kwenye midomo ya mito, na amepungua sana. Ukimpata, mle.

*Anamfaa* mwenye mtaji mdogo, asiye na friza, anayeweza kupanga safari zake kwa mwezi wa angani na mwenye uvumilivu wa kuanika.

Ziwa Rukwa: magege na kambale

*Anavyoishi na anavyovuliwa*

Rukwa halina mto unaotoka. Maji huingia kutoka milimani na njia yake pekee ya kutoka ni kupaa kwa jua, ndiyo maana yana magadi. Kina chake ni cha mita chache tu sehemu kubwa, na ukubwa wake haujawahi kutulia: mwaka 1929 lilikuwa na urefu wa kama kilomita 50, na miaka kumi baadaye, 1939, lilikuwa limefika karibu kilomita 128. Fikiria kijiji ambacho babu alivulia mlangoni na baba akalazimika kutembea nusu siku kulifikia ziwa lilelile.

Kwa gege, maji ya kina kifupi ndiyo nyumba. Dume huchimba kiota kwenye mchanga au tope, jike hutaga kisha huyachukua mayai mdomoni, na hata watoto wakishaanguliwa hukimbilia mdomoni mwa mama wakiona hatari. Kambale husubiri mvua, akapanda kwenye nyasi zilizofunikwa na maji na kutaga huko. Mwaka ambao ziwa linatambaa juu ya mbuga ni mwaka wa neema, ingawa neema yenyewe huonekana baadaye, samaki wakishakua.

Uvuvi wake ni wa nyavu za kutega na ndoano, mara nyingi karibu na matete, na mamba na viboko wa Rukwa si hadithi za kutishia watoto. Kokoro limepigwa marufuku na kanuni, na katika ziwa la aina hii sababu yake inaonekana kwa macho, kwani linakokota viota, mayai na vifaranga vyote kwa pamoja. Ukiona mzigo umejaa magege wa ukubwa wa kiganja cha mtoto, unajua ulikotoka. Usiununue, kwanza kwa ajili ya ziwa, na pili kwa sababu afisa uvuvi akikukuta nao barabarani hatamuuliza mvuvi, atakuuliza wewe.

*Upatikanaji*

Hapa mwezi wa angani hauna neno kubwa. Kinachotawala ni mvua na serikali. Mvua hupandisha ziwa na kuharibu njia kwa wakati mmoja, kwa hiyo samaki wanaweza kuwapo na wewe usiwafikie. Serikali nayo ina mamlaka ya kusimamisha uvuvi ili samaki wazaliane. Kabla hujatuma fedha kwa mtu yeyote, piga simu ofisi ya uvuvi ya wilaya unakotaka kuchukulia.

*Njia na utunzaji*

Kutoka Mbeya wengi hukunjia Mbalizi wakashuka bondeni kupitia Galula hadi Mkwajuni. Masika ikikolea, njia hiyo ndiyo inayopanga bei kuliko ziwa lenyewe. (Mgeni asichanganye: Songwe ziko mbili. Mto Songwe unaomwaga Rukwa si ule ulio mpakani na Malawi unaomwaga Nyasa. Nimewahi kusikia watu wawili wakibishana bei ya samaki wa Songwe nusu saa nzima, kila mmoja na ziwa lake kichwani.)

Bonde ni la joto na barafu iko mbali, kwa hiyo mzigo mwingi hutoka ukiwa umebanikwa. Samaki wa moshi ana hesabu zake. Aliyebanikwa polepole ni mwepesi, mkavu mpaka ndani na rangi yake ni ya kahawia inayolingana mwili mzima. Aliyeharakishwa huungua ngozi na kubaki mbichi kwenye uti wa mgongo. Mvunje mmoja karibu na kichwa uangalie hapo: nyama ikiwa na unyevunyevu au wekundu, hatamaliza wiki. Angalia pia vitundu vidogo na unga chini ya tenga, ni kazi ya wadudu, na wakishaingia huenea mzigo mzima. Ukikutana na samaki wakavu wamewekwa wazi siku nzima na hakuna hata nzi mmoja anayewasogelea, jiulize wamepuliziwa nini, kisha nenda meza nyingine.

Kambale ana kipaji chake. Anaweza kuvuta hewa ya juu, hivyo husafiri mbali akiwa hai ndani ya ndoo yenye maji kidogo. Kwa anayeuza karibu, kama Mkwajuni au Chunya mjini, hiyo ni faida kubwa kuliko barafu.

*Anayemnunua*

Mteja wa Rukwa anataka kitu cha kushika. Wachimbaji wa dhahabu wa Chunya na Makongolosi hununua samaki mkubwa bila kubishana sana siku ambazo mawe yamejibu, na siku ambazo hayakujibu hukopa. Mbalizi na Tunduma samaki wa moshi hutoka haraka kwa kuwa anakaa bila friza. Lawama moja utaisikia mara kwa mara: harufu ya tope, hasa kwa kambale. Ni kweli ipo, na ni kawaida ya samaki wa maji mafupi yenye matope. Mwelekeze mteja amchune, amsugue kwa chumvi na limao, amwage yale maji. Anayejua hivyo hanung'uniki.

*Anamfaa* mwenye wateja wa vipande vikubwa, aliye Mbeya magharibi, Songwe au Chunya, na mwenye mtu wa kuaminika kulekule bondeni. Bila mtu huyo utanunua kila aina ya samaki waliokataliwa na wengine.

Bwawa la Mtera: perege na kambale

*Anavyoishi na anavyovuliwa*

Mtera ni kazi ya binadamu. Bwawa lilikamilika mwaka 1980 kwenye Mto Ruaha Mkuu ili kuweka akiba ya maji kwa ajili ya umeme wa Kidatu, na mtambo wake wenyewe wa megawati 80 ulianza 1988. Likijaa linafunika eneo la kama kilomita za mraba 600, lakini tofauti kati ya kujaa, mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalisha umeme, mita 690, ni mita nane na nusu tu. Eneo kubwa hivyo kwa kina kidogo hivyo maana yake ufukwe unahama sana. Alipotega mvuvi Mei, Novemba panaweza kuwa pakavu.

Perege hapa anaishi kama gege wa Rukwa, kwa viota vya pembeni na vifaranga mdomoni. Tofauti ni kwamba maji yanaposhuka hayashuki kwa jua peke yake, yanafunguliwa na mitambo, na yanapopanda yanategemea watu wa mbali kabisa. Maji ya Mtera mengi hutoka milima ya Mbeya na Njombe yakapitia Usangu. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, na mashamba ya mpunga ya Mbarali na hali ya bonde la Ihefu vina mkono mkubwa katika hilo. Mchuuzi wa perege wa Iringa ana sababu nzuri ya kufuatilia mvua za Mbarali.

*Upatikanaji*

Wa wastani karibu mwaka mzima, nafuu maji yanapopungua na samaki kusongamana. Kwa kusimamishwa uvuvi, ni kama nilivyosema kwa Rukwa.

*Njia na utunzaji*

Hili ndilo turufu ya Mtera. Barabara ya Iringa–Dodoma ni lami na inapita juu ya bwawa lenyewe. Unaondoka Iringa alfajiri, unapita Migoli, unanunua, na mchana uko sokoni. Samaki mbichi anawezekana hapa kuliko kwa Rukwa, kwa sharti kwamba barafu unaibeba kutoka mjini ndani ya deli. Usiende ukitegemea kuikuta. Kwa joto la Mtera kipimo ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, na watu wengi hubania hapo kisha wanashangaa mashavu ya samaki yamegeuka kahawia wakiwa Nduli. Toa matumbo kabla ya kupanga, kisha panga tabaka la barafu, la samaki, la barafu.

Eneo ni la ukame, jua ni kali na mvua ni chache, kwa hiyo hata kukausha ni rahisi kuliko Kyela. Ajabu ni kwamba wengi hawakaushi, wanakaanga. Abiria wa mabasi wanawajua wale akina mama wenye sinia za perege wa kukaanga dirishani.

"Kamwene mama, hawa wa lini?"

"Wa asubuhi hii baba, shika shavu uone."

Na kweli unashika. Shavu likiwa jekundu, jicho limejaa wala halijazama, na nyama inarudi ukiibonyeza kwa kidole, huna haja ya kuuliza swali la pili.

*Anayemnunua*

Hoteli, migahawa na vilabu vya Iringa na Mafinga, wanaotaka samaki anayekaa sahani moja na ndizi pembeni. Hao hulipa vizuri na hukataa vizuri. Ukiwaletea mdogo leo na mkubwa kesho, wanahama. Ukiombwa minofu, kumbuka perege hutoa minofu kama theluthi moja tu ya uzito wake, hivyo bei ya kilo ya minofu haiwezi kuwa bei ya samaki mzima na "kidogo juu".

*Anamfaa* aliye Iringa au Mafinga, mwenye friza au oda za uhakika, na mtaji wa kulipia samaki, barafu na usafiri siku hiyohiyo.

Vibali

Maji yote matatu, sheria ni moja: Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake za 2009. Utahitaji leseni ya kuuza samaki na kibali cha kusafirisha, na halmashauri ina ushuru wake. Gharama hizi ziingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Anayekushauri upite njia za panya hatakuwapo mzigo utakapokamatwa.

Kwa hali yako

Una mtaji wa ndoo chache na meza ya mtaani Mbeya, Tukuyu au Makambako: anza na usipa. Ukikosea hesabu, mzigo mkavu unakusubiri wiki kadhaa. Ila masika usinunue nyingi.

Uko Iringa na tayari una migahawa mitatu au minne inayokupigia simu: Mtera. Wasipokuwapo hao, friza itakula umeme na samaki watapoteza ladha wakikungoja.

Uko Mbalizi, Chunya au Tunduma: Rukwa wa moshi, na kambale hai kama wateja wako hawazidi mwendo wa saa chache. Kiangazi ndicho cha kujenga jina. Masika ikianza, badili uende usipa wa giza la kwanza lenye jua, au pumzika.

Unanunulia nyumbani tu, na una watoto wadogo: usipa wa vichanja kwa siku za kazi, perege mbichi siku unayopita Mtera au ndugu anapopita. Kambale wa moshi mpe mgonjwa aliyekataa kula. Supu yake ina nguvu ya kumrudisha mtu mezani, na hili nalisema kwa kuliona wala si kwa utafiti.

Unauza Njombe au Makete, ambako kila mtu anakushauri uchimbe bwawa lako: angalia kwanza joto la maji. Perege hukua vizuri maji yakiwa nyuzi 26 hadi 30. Chini ya 20 anadumaa na haleti watoto, na Juni na Julai za huko maji ya bwawa hushuka zaidi ya hapo. Kwa soko hilo usipa mkavu wa Kyela ndiye mshindani wako na ndiye anayeweza kuwa mzigo wako pia. Na kwa kuwa baridi ya Njombe inatunza samaki mbichi kuliko miji ya joto, jaribu deli moja ya perege wa Mtera mwisho wa mwezi, watumishi wanapokuwa wamelipwa, uone inaisha siku ngapi kabla hujaongeza la pili.